Kaka Kapika Bila Futi

Nyumba ya nyuma ya duka la vioo,
Jumapili, nguo zikiwa kambani.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko? Mgongo wako umetulia? Na baridi je, bado unalala na soksi? Mimi mzima, jino tu ndilo linanisumbua, ila mdomo unafanya kazi kama kawaida, usiwe na wasiwasi.

Mwenye duka la vioo kapaka nywele rangi nyeusi tii, kasahau ndevu. Sisemi zaidi.

Habari kubwa ni ya kaka yetu Futi. Si unajua tangu tumzike wifi, binti yao Chiriku analala kwangu. Kila siku ananiuliza, shangazi, narudi lini kwetu? Nikamwambia kaka wazi: siku utakayojua kumlisha mwanao, mchukue. Siyo chai na mkate asubuhi, chai na mkate jioni. Nikajua limemwingia.

Basi akaja nimfundishe. Fundi cherehani huyo, hakati kitu bila kupima! Namwambia tia chumvi mpaka ikolee, ananiuliza mpaka ikolee ni kiasi gani? Jamani! Akachukua jagi la plastiki, lile linaloonyesha ndani, akalichora kwa nje na chaki yake ya kuchoria nguo. Mstari wa maji ya wali, mstari wa maharage. Vitunguu anavipima kwa futi ile ile ya viuno vya watu. Na kweli, akifuata mistari yake, kinalika.

Jana ndiyo siku tuliyopanga Chiriku aende kula kwake, aonje, aamue. Mimi nikatangulia kufagia lile jiko lake. Nikasugua vyombo mpaka vikang'aa. Kaka kuingia na mchele wake, akasimama kama kaona nyoka.

"Mistari yangu iko wapi?"

"Mistari gani? Nimeosha uchafu."

"Uchafu! Dada, umenimaliza mchana kweupe!"

Akatia maji kwa kubahatisha. Wali ukatoka rojo. Na Chiriku huyo mlangoni, begi mgongoni. Kaka akataka kukimbilia mkate. Nikaziba mlango, na unaujua mwili wangu, hapiti mtu.

"Ukileta mkate, naondoka naye. Kwani vipande vya vitambaa vinavyobaki huwa unatupa?"

"Nashonea mito."

"Haya, shona."

Akanitazama. Akatazama ule wali rojo. Kisha akachovya kidole, akaonja. Akakata kabichi nyembamba, akavunja mayai, akatia kitunguu bila kukipima, akakoroga vyote humo humo, akawa anachota anakaanga. Kipande kimoja kikatoka kama kola, kingine kama mfuko wa shati. Akaonja tena, akakamua ndimu. Mdogo wangu, akaanza kupiga mluzi! Ule mluzi wake wa kwenye cherehani, tangu msiba sijausikia. Ikabidi nijifanye kitunguu ndicho kinanitoa machozi.

Chiriku akala, akaongeza, akauliza, "Baba, hiki kinaitwaje?"

"Sijui mwanangu, ndiyo kwanza kimezaliwa."

"Na kesho utapika hiki hiki?"

"Hiki hiki sitaweza, sikupima."

Mtoto akafikiri, mdomo umejaa. "Basi pika kingine."

Akainuka, akalitundika begi lake kwenye msumari nyuma ya mlango, pale pale lilipokuwa likikaa zamani. Mimi nikajifanya natafuta kandambili zangu.

Nikarudi peke yangu. Jioni nikapakua chakula, nageuka naona sahani mbili mezani. Nikacheka mwenyewe kama kichaa, halafu ya pili nikaila pia.

Nisalimie shemeji, mapacha, na mama mkwe wako, mwambie kile kitambaa alichompa kaka amshonee, hajakisahau. Mungu awashe moto jikoni kwako na asikukoseshe watu wa kula nao.

Mimi dada yako, nikupendaye hata usipojibu upesi,
Mama Maneno