Wali Nyuma ya Kabati

South Beach, Durban
Jumapili

Mama yangu,

Shikamoo. Mgongo unasemaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa shangazi akuletee imefika, au amejichulia mwenyewe? Mimi mwili mzima, ila roho imenichafuka, na nisipokuandikia wewe nitapasuka.

Unawakumbuka wale wazee wa Kichina ninaowafanyia kazi, waliofunga duka lao la vyombo wakahamia huku ghorofani. Bibi analia tangu mwaka jana, na mtaa mzima unajua. Wenzake wanamletea supu, mtoto wao wa kiume kampeleka kwa daktari, kapewa vidonge vya huzuni, sasa ana nafuu. Babu halii. Anakaa mezani na gazeti lake. Ukimmiminia chai anagonga meza kwa vidole viwili, ndiyo ahsante ya kwao. Bakuli lake la wali linarudi tupu. Basi wote tukasema babu hana neno.

Jumanne nikasikia harufu. Nikadhani panya kafia ndani. Nikavuta kabati lililo nyuma ya kiti chake: mama, wali wa siku nyingi, umefungwa kwenye magazeti, umeota ukungu wa kijani, funza wanatembea. Nilitapika.

Nikampigia mtoto wao. Alikuja kaziba pua, akamfokea baba yake mbele yangu kama anafokea mtoto aliyejikojolea. Babu akainamia meza, akaanza kugonga vidole, na chai hakuna aliyemmiminia.

"Anayeumwa ni mama," kijana akaniambia. "Baba ni mwanamume, ana ukaidi tu. Tupa hizo takataka."

Wale funza hawakunichefua kama maneno hayo. Mama Bea, Mkongo anayesafisha nyumba ya jirani, alikuwa amesimama mlangoni. "Eish, dada, hii si uchafu," akasema. "Papa iko na huzuni mingi. Iko naona haya kulia."

Nikakataa kutupa. Nikatia kifurushi kimoja kwenye mfuko, nikamkabidhi yule kijana, nikamwambia ampelekee daktari yule yule wa mama yake. Nilijua naweza kufukuzwa kazi.

Alhamisi tulikwenda sote wanne, kijana akiendesha gari, mimi nimemshika babu mkono. Daktari alimuuliza yeye mwenyewe. Akajibu kwa Kiingereza chake cha dukani kwamba tangu wafunge duka chakula hakipiti, na kila akilala hutamani asiamke. Mkewe ndiyo kwanza anasikia.

Nilimchukia yule kijana mpaka nilipofika nyumbani nikajichukia mimi. Kila nikipiga simu, wewe nakuuliza mgongo, usingizi, mpaka kuku. Baba namuuliza, "Mzima?" Anasema, "Mzima, ngoja nikupe mama yako." Tangu astaafu kazi ya reli sijawahi kumuuliza swali la pili.

Nisalimie shangazi mwenye dawa yangu, mdogo wangu fundi cherehani, na mjomba wa mkaa.

Ijumaa nitapiga baada ya swala. Mwachie baba simu, wewe utoke ukae uani. Na akikuita uje upokee, mama, usiitike.

Mwanao anayekupenda,
Mwanaidi