Paa la Gari ya Ranjit

Kwa mdogo wangu Kabura, huko Kanduyi,

Sisi tuko. Mahindi yamebeba vizuri, na ng'ombe amezaa ndama jike.

Kitale hii yote, ni nani angeweza kazi ya Dancan wangu? Ranjit wa duka la vyuma alimletea gari ya zamani ya babake, ile ya turubai la kukunja, amwekee paa la bati, liwe chini, literemke nyuma kama mgongo wa njiwa. Kijana akakunja bati, akachomelea mwenyewe. Watu walisimama barabarani bana!

Alipomaliza akaniuliza, "Mama, imenyooka?"

Nikamwambia, "Kama rula."

Kabura, haikuwa imenyooka. Macho yake yamemalizwa na moto wa kuchomelea, na daktari amesema hayatarudi. Paa lile alilifanya kwa kupapasa. Ranjit aliliangalia, akamshika mkono: "Kazi safi, fundi." Halafu akapeleka gari kwa fundi wa huko kwenu Kanduyi, paa likatwe upya.

Dancan anakuja kwako Jumapili. Tafadhali usimpitishe karibu na hiyo gereji. Ile gari akiiwekea mkono tu, ataijua.

Ni mimi dada yako Ciru,
mama ya fundi.