Bawa la Mbele Limelia Du

Jumatatu, 3 Februari

Msasa tangu asubuhi. Bawa la mbele, upande wa kushoto. Vumbi jeupe puani, masikioni, ndani ya chai. Naomi amenikataza kuingia jikoni nikiwa hivi. Mke wangu hana huruma na watu wa vumbi.

Watu wa mtaa wetu, Rhonda, bado wanasimama langoni kuitazama ndege ninayoiunda. Swali ni lile lile: mbona injini iko nyuma na bawa dogo liko mbele? Itaruka kinyumenyume? Nimechoka kueleza. Bawa hilo dogo ndilo linaloinua pua. Bila hilo ndege haiondoki chini, na likivunjika angani hakuna atakayerudi kusimulia. Leo nimemjibu mmoja kuwa ndiyo, itaruka kinyumenyume. Ameenda zake ameridhika.

Hili ni bawa la pili. La kwanza nilifuata ramani ya zamani, lakini Kapteni Swaleh akaniambia aina ile hulegea ikinyeshewa. Mvua ya huku haibishi hodi. Desemba nikaunda jipya. Povu gumu ndani, vitambaa vya faiba juu, gundi ya epoksi katikati ya kila tabaka. Linapendeza. Limebaki kukaguliwa na kupakwa rangi.

Jumatano, 5 Februari

Mama ametangaza kanisani: ndege ya Kibet itaruka Jumamosi tarehe 22. Hakuniuliza. Lori litaleta watu kutoka Keringet. Hema limeshatafutwa. Wapishi wamepatikana. Mimi ndiye wa mwisho kujua.

Sikukasirika sana. Kibali tunacho, uwanja wa yule mkulima wa ngano kule Njoro tumepewa, na Swaleh amekubali kuirusha mara ya kwanza. Alinyunyizia mashamba dawa kutoka angani maisha yake yote. Mimi nina leseni changa. Yeye ana mikono.

Mama anaipenda ndege hii kwa sababu inapiga magoti. Isipokuwa na mtu ndani, uzito wa injini ungeiangusha nyuma, kwa hiyo gurudumu la mbele hukunjwa na pua inalala chini. Mama anasema inasali. Nimejaribu kumweleza. Anasema inasali.

Ijumaa, 7 Februari

Siku mbaya.

Kabla ya rangi, bawa hugongwa kwa sarafu, kila sehemu. Pakiwa pameshikana vizuri, panalia ti. Pakiwa hapajashikana, panalia du. Nimegonga kuanzia ncha ya kushoto. Ti, ti, ti. Kisha du. Nikarudia. Du.

Nikachukua penseli nikazungushia kila palipolia vibaya. Nilipomaliza nikasogea nyuma kuangalia. Ni msalaba. Upana wa kiganja. Mwingine katikati. Mwingine kulia.

Nilikaa chini kwenye vumbi.

Jumapili, 9 Februari

Nimepanga mambo kichwani wakati wa ibada. Sikusikia hata neno moja la mahubiri.

Desemba nilipiga bawa msasa, nikalisafisha, nikalifunika shuka safi, kesho yake nilaze vitambaa vya mwisho. Nikaitwa Kamere, ziwani, kuziba mashua iliyopasuka. Hiyo ndiyo kazi inayotulisha. Nilirudi jioni, asubuhi nikalaza vitambaa. Sikuona kitu. Mafuta kidogo hayaonekani.

Mama ana chupa ndogo ya mafuta yaliyoombewa. Haiachi. Baba alikuwa dereva wa lori. Asubuhi aliyoondoka mara ya mwisho, Mama alikuwa amechelewa kukamua ng'ombe, akasema atamwombea baadaye. Baba hakurudi. Tangu hapo hakuna kinachotoka nyumbani kwetu bila kupakwa. Pikipiki yangu. Milango. Hata toroli.

Siku ile ya Kamere alifunua shuka, akapaka misalaba mitatu kwa kidole gumba, akafunika tena. Kwa upendo. Na epoksi haishiki penye mafuta.

Nitamwambiaje? Kwamba dawa yake ndiyo sumu? Afadhali nimeze sarafu.

Jumatatu, 10 Februari

Nimejaribu kudanganya bawa. Nimetoboa vitundu, nikaingiza epoksi kwa sindano ya ng'ombe. Nikaweka mawe juu likauke. Bado du. Mafuta ni yale yale hata ukiyaletea gundi mpya.

Swaleh amepita. Ameingia kwenye kiti, akashika usukani, akafumba macho. Akacheka peke yake kama mtu aliyepata kiatu cha ukubwa wake. Niliweka tambara juu ya alama za penseli. Nikampa chai.

Mimi ni mtu mbaya.

Jumanne, 11 Februari

Nimemwambia Mama huenda tusiruke tarehe 22. Nimesingizia upepo. Nikasema mwezi huu upepo wa bondeni umechafuka.

Ameitikia vizuri. Kisha akasema anaanza kufunga, ili upepo utulie.

Ana vidonda vya tumbo.

Alhamisi, 13 Februari

Nimemwambia Swaleh. Sikuweza kuendelea kumtazama. Nimetoa tambara, nikampa sarafu. Alianza kugonga bila haraka, kichwa kimeinama upande, kama anasikiliza mlango wa jirani. Alipofika kwenye msalaba wa katikati aligonga tena, kisha tena.

"Hili silipandi, Kibet. Nakuheshimu, na mamako namheshimu zaidi. Lakini silipandi."

Nikamwomba asiseme kwa nini. Akasema basi tuseme yeye ndiye mgonjwa, mgongo umemshika. Mzee wa mjini, watu wataamini. Aibu ataibeba yeye.

Nilikubali upesi mno. Nikarudi nyumbani nikila mahindi ya kuchoma njia nzima.

Ijumaa, 14 Februari

Uongo umedumu mpaka chai ya asubuhi. Mama aliposikia mgongo wa Swaleh, alivaa sweta, akachukua mkoba, akaniambia nimpeleke. Anataka kumpaka mafuta.

Nikamwambia, Mama, yule ni Mwislamu. Akasema mgongo hauna dini.

Tukaenda. Sikuwa na njia nyingine. Swaleh ilimbidi alale kitandani mchana kweupe, mkewe akihangaika na blanketi, mimi nikiangalia ukuta. Mama aliomba kwa Kikalenjin, kwa muda mrefu. Swaleh akasema amina kwa heshima zote. Tukitoka alinitazama, na sikupenda alivyonitazama.

Sasa Mama anafungia upepo na mgongo. Kila tundu ninalojichimbia nitorokee, nakuta ameshafika mbele yangu na chupa.

Jumapili, 16 Februari

Mama alisimama kuimba kanisani akapepesuka. Wamama walimshika. Alikataa hata maji. Akasema bado siku chache, ndege ikiruka atakula.

Nyumbani Naomi amenifuata bandani. Yeye anajua, nilimwambia siku ile ile ya penseli. Hakupaza sauti.

"Unamnyima mathe chakula, Kibet. Si mfungo huo. Ni wewe."

Nikasema amwambie yeye, wanaelewana. Akasema huyo ni mamangu, si wake, na akaenda kuanua nguo.

Siwezi kuruka. Siwezi kusema. Siwezi kunyamaza. Banda hili nimelijenga kwa mikono yangu, bati kwa bati, na leo naliona kama seli. Nimeikasirikia ndege. Nimemkasirikia Mama. Hata marehemu baba nimemkasirikia kwa kutongoja aombewe.

Jumatatu, 17 Februari

Nimesema.

Nilimkuta nyuma ya nyumba akisafisha vibuyu vya mursik, yale maziwa yetu ya mgando ya mkaa, ingawa yeye mwenyewe haonji. Nilikuwa nimepanga maneno. Yote yalipotea. Nikamwambia tu, Mama, njoo uniskilizie kitu.

Nikampa sarafu bandani. Nikamwonyesha pa kuanzia. Akagonga. Ti, ti, ti. Nikamwambia aendelee. Alipofika penye penseli mkono wake ulisimama wenyewe. Akarudia. Yeye hugonga vibuyu ajue kama vimepasuka, masikio yake hayahitaji kufundishwa. Kisha macho yakafuata mstari wa penseli, juu, chini, kushoto, kulia. Akaangalia kidole gumba chake.

Nilitaka kumweleza habari za epoksi. Hakuningoja.

"Kibuyu kikibaki na mafuta, mkaa haushiki," alisema. "Hata ukisugua namna gani."

Nikasema ndiyo, Mama. Hivyo.

Akaniuliza kama Swaleh ni mgonjwa kweli. Nikasema hapana. Akauliza kama upepo ni mbaya. Nikasema hapana. Aliirudisha sarafu mkononi mwangu, akatoka. Hakulia. Ningependa angelia.

Jumanne, 18 Februari

Hajatoka chumbani. Naomi amepeleka uji mara mbili, umerudi ulivyo.

Jumatano, 19 Februari

Uji umerudi nusu.

Jumamosi, 22 Februari

Nilikuwa nimeomba tuahirishe. Mama alituma ujumbe kwamba watu waje, lakini waje hapa nyumbani, si Njoro. Lori la Keringet likafika limejaa. Hema likasimamishwa. Swaleh alikuja na mkewe, mgongo umenyooka, bila kujieleza kwa mtu.

Tukaitoa ndege nje. Ikapiga magoti. Watu wakapiga makofi.

Mama alisimama mbele yao na gauni lake la kanisa. Sikujua atasema nini. Akawaambia ndege hairuki leo kwa sababu bawa la mbele limeharibika, na aliyeliharibu ni yeye. Akaeleza yote. Akasema alipaka mafuta mahali palipotaka kukauka, kwa sababu alikuwa na woga akauita imani. Mchungaji alitazama viatu vyake. Mzee mmoja kutoka Keringet akaniuliza kwa sauti ya chini kama kweli itaruka kinyumenyume.

Kisha Mama akaniomba msumeno.

Nilishika bawa, yeye akakata. Upande wa kushoto kwanza. Ni mzee, na amefunga siku nyingi, lakini hakutaka kupokewa. Povu lilidondoka kwenye nyasi na kwenye viatu vyake. Lilipokatika tuliona ndani: kitambaa cha juu kilibanduka mkononi kama ganda la ndizi, na chini yake msalaba, safi, bado unang'aa. Swaleh aliuona. Alivua kofia yake.

Watu wakala pilau. Mama pia alikula. Nimehesabu hiyo kuwa ndiyo sherehe.

Jumatatu, 24 Februari

Nimepata povu jipya. Nimelikata kwa waya wa moto. Mkato safi.

Mama amepita mbele ya banda mara kadhaa. Hajaingia tangu siku ya sarafu. Chupa siioni tena mkononi mwake. Asubuhi niliondoka na pikipiki bila kupakwa, na njia nzima nikawa nageuka nyuma. Sikujua kuyakosa yale mafuta kungenisumbua.

Jumamosi, 1 Machi

Bawa la tatu. Msasa umekwisha, vumbi limefutwa, vitambaa vimekatwa. Nilinawa mikono kwa sabuni mpaka viwiko.

Nilipogeuka Mama alikuwa mlangoni. Alisimama nje ya kizingiti, chupa ameishika kwa mikono miwili. Sijawahi kumwona akingoja ruhusa popote maishani. Iliniuma kuliko yote ya mwezi huu.

Nikamwendea. Nikapiga magoti palepale kwenye changarawe, maana yeye ni mfupi.

"Weka hapa, Mama."

Alinipaka kwenye paji la uso. Aliomba kwa ufupi, akalitaja jina la baba, halafu langu, halafu la Swaleh. Alipomaliza alifungua kitambaa chake cha kichwa akanifunga nacho kwenye paji, akakaza sana, jasho lisije likadondosha mafuta juu ya kazi. Akakagua kwa kidole kama kimebana.

Kisha akaenda bombani akanawa mikono, kwa sabuni, mpaka viwiko, akarudi kunishikia kitambaa cha faiba upande wa pili.

Tulianza na upande wa kushoto.