Reli ya Milimita Kumi na Mbili

Iyunga, Mbeya
Alhamisi, 17 Julai 2025

Kwa dada yangu Tusekile,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Tosamaganga, wewe, shemeji Clement na watoto, na kwamba baridi ya mwaka huu imewaachia vidole vya kufanyia kazi. Sisi hapa hatujambo. Happy anakohoa kidogo, na anasema ni vumbi la mbao zangu, kwa hiyo lawama tayari ina mwenyewe. Mahindi tumeshayaingiza ndani. Baba anakula, analala, anazungumza. Macho yake nitayafikia, maana najua ndiyo unayoyatafuta katika kila mstari.

Utashangaa kupata barua ya karatasi wakati kila Jumapili tunapigiana simu. Haya ninayokuandikia nimeona hayafai simu. Kwenye simu mtu hukatwa katikati, na mimi nikikatwa katikati sitaanza tena.

Mwezi uliopita uliniuliza kuhusu ile picha ambayo Happy aliituma, baba na mimi tumeinamia treni ndogo. Ukasema unafurahi kwamba nimemtafutia mzee kitu cha kumliwaza tangu mama atutoke. Nilikuacha ufurahi. Ukweli ni kwamba treni ile sikuianza kwa ajili ya baba. Niliianza kwa ajili yangu.

Ilikuwa Januari. Mteja mmoja aliniletea kibandani Mwanjelwa, ninapotengenezea simu na redio, kichwa cha treni cha urefu wa kiganja, pamoja na vipande vya reli vya kuunga duara. Mtu huyo alikuwa amehamishiwa Sumbawanga, akasema nikiweza kukitengeneza nibaki nacho. Tatizo lilikuwa waya mmoja tu ulioachia. Nikauunga, nikakitembeza juu ya meza, na siku ile wateja wawili waliondoka bila kuhudumiwa.

Nikaanza kutazama mtandaoni jinsi watu wanavyoingia kwenye mchezo huu. Kumbe ni watu wazima, wengi wana mvi, na wana vyama vyao na ugomvi wao. Wote wanamshauri mgeni jambo moja: anza na ubao mmoja, duara moja na kichwa kimoja, usikimbilie kununua. Nilifuata yote isipokuwa hilo la mwisho. Niliagiza kutoka Dar mabehewa manne, reli nyingi na swichi moja ya kupishania treni. Nikahamisha magunia stoo, nikalaza mlango wa zamani juu ya matofali, nikaanza kujenga kipande cha reli yetu ya TAZARA, kutoka Rujewa kuja Mbeya. Milima niliifanya kwa magazeti na uji wa ngano. Wiki ya kwanza Happy hakusema kitu. Wiki ya pili alisema waume wa wenzake wana pombe, kwa hiyo yeye anashukuru.

Baba alikuwa hajawahi kuingia stoo. Unakumbuka alivyokuwa tangu msiba. Asubuhi aliota jua upande wa mashariki wa nyumba, alasiri akahamishia kigoda upande wa magharibi, basi. Jumamosi moja mwezi wa pili alisikia mlio, akaja akipapasa ukuta, akauliza hicho ni nini. Nikamweleza. Akaomba kugusa. Wakati ule ilikuwa imeshafika mahali anauliza kama ni mimi nimesimama mlangoni au ni koti limetundikwa. Alipitisha vidole viwili katikati ya reli, akakishika kichwa akakipima kwa kidole gumba, akairudia reli. Halafu akasema hii si reli yetu. Akasema kama kichwa ni kidogo kiasi hiki, reli zetu haziwezi kuachana kiasi hiki.

Nilitaka kucheka, lakini nikachukua rula na simu nikapiga hesabu. Treni hizi hupunguzwa mara themanini na saba. Upana wa reli nilizolaza ulikuwa milimita kumi na sita na nusu. Ukizidisha unapata upana wa ile reli mpya ya treni ya umeme, ya Dar na Dodoma. Reli yetu ni nyembamba, milimita elfu moja sitini na saba, na kwa udogo ule inatakiwa kuwa milimita kumi na mbili na kidogo. Mimi nimezaliwa mahali ambapo honi ya treni ndiyo iliyokuwa saa yetu, baba yangu alikuwa mnyapara wa genge la kutunza njia miaka ishirini na saba, na bado nilijenga reli ya watu wengine. Happy aliuliza ni nani aliyenipa tenda ya SGR hapa Iyunga.

Baba akasema tung'oe. Hakusema kwa hasira, alisema kama anavyoagiza maji ya kuoga. Tuling'oa yote. Alinielekeza nikate kipande cha bati gumu cha milimita kumi na mbili kamili, kiwe kipimo, na kila tulipolaza reli alikipitisha mwenyewe, kipande kwa kipande, akiwa ameinamisha kichwa pembeni kama anayesikiliza. Mataruma, vile vibao vya kulalia reli, tulikata kutoka kwenye vijiti vya mishikaki. Magurudumu tuliyasogeza ndani kwa jiliwa, moja baada ya jingine, na kichwa peke yake kilikula wiki sita. Mahali nilipoona kazi imenyooka, yeye alipapasa na kuniambia rudia. Nilirudia. Usiku huko kitandani nilimsikia Happy akicheka peke yake, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuitika "naam mzee" usingizini.

Na baba alianza kuzungumza, dada. Alinieleza jinsi genge lake lilivyoamka alfajiri upande wa Rujewa na kukuta maji ya mpunga yamekula kokoto chini ya reli, na jinsi walivyosimamisha treni kwa shati jekundu la mpishi. Alinieleza alivyomchumbia mama kwa kumpelekea habari kupitia kwa makondakta watatu tofauti. Hayo sikuwahi kuyasikia. Wewe uliwahi? Tulipokuwa wadogo alirudi nyumbani mara mbili kwa mwezi, analala, anatuuliza shule, anaondoka. Nina miaka arobaini na sita, na Machi mwaka huu ndipo nilipokaa na baba yangu kwa mara ya kwanza. Nilikuwa na furaha. Nalisema wazi kwa sababu ndilo lililozaa linalofuata.

Aprili ulinipigia ukasema madaktari bingwa wa macho watafika hospitalini kwenu Mei, umeshamwandikisha baba, na shemeji Clement amepaka chumba rangi kwa mikono yake. Nikakujibu kwamba baba amekataa. Nikasema ni mambo ya wazee wetu, kwamba baba wa Kinyakyusa haendi kunyoosha miguu nyumbani kwa mkwe aliyemtolea ng'ombe, na ukimlazimisha utamvunjia heshima. Ukasema umeelewa, twende naye polepole.

Baba hakukataa. Baba hakuulizwa. Mwenyewe alikuwa ameshaniambia mwezi wa tatu kwamba akipata nafasi angependa kwenda kwa Tusekile aone kama macho yanaweza kusaidiwa. Baada ya simu yako nilimwambia kwamba umepiga kusalimu, na kwamba mama yake Clement amekuja kukaa kwenu na ndiye aliyepewa chumba, kwa hiyo safari isubiri. Nilijua nikimtaja mkwe hataongeza swali, na nilijua na wewe ukisikia mkwe hutasukuma. Alisema ndaga, kwamba ameshukuru kupata taarifa, na mama wa watu apewe nafasi yake. Siku iliyofuata hakuja stoo mpaka jioni.

Kila Jumapili tangu hapo mlizungumza, simu ikiwa kwenye spika na mimi nimeishika katikati. Mliulizana mvua, mkaulizana mahindi. Hakuna aliyemuuliza mwenzake habari za safari, kwa sababu wote wawili mlikuwa mnastahiana. Mimi niliwasikiliza mpaka mwisho, nikawarudishia salamu zenu, nikazima simu.

Nilijiambia kwamba swichi haijakamilika, ikikamilika nitamleta. Swichi ilikamilika mwishoni mwa Mei. Nikajiambia bado daraja. Niliogopa tu kwamba akifika kwako, kwa binti yake muuguzi, kwenye chumba chenye rangi mpya, hatarudi.

Tarehe ishirini na moja Juni, saa sita mchana, jua limewaka, baba aliniuliza kama umeme umekatika.

Nilimpeleka kwa daktari hapa mjini. Ni presha ya macho. Jicho la kulia halioni tena, na daktari alisema lililokwenda halirudi. La kushoto bado lina mwanga kidogo, linaweza kulindwa kwa upasuaji wa bingwa, akiwahi. Nilirudi ndani peke yangu nikamuuliza, je, kama angeonwa Mei? Alisema Mei huenda yote mawili yangebaki pale yalipokuwa. Alisema hivyo huku anaandika, bila kuinua kichwa. Jioni nilimwambia Happy kila kitu. Alisema njia ya mwongo fupi, akaenda kuosha vyombo. Afadhali angenigombeza.

Ulipotaja Jumapili iliyopita kwamba mabingwa wale wanarudi tarehe ishirini na moja mwezi huu, Happy alinyanyua simu mkononi mwangu akakuambia baba anakuja. Ndiyo maana ulisikia nimenyamaza. Kwa hiyo anakuja. Jirani yetu Obeid, fundi seremala, ana safari ya Iringa kesho, atakaa naye kiti kimoja na kumkabidhi kwako stendi. Ningeweza kumleta mwenyewe. Nilifika mpaka kushika begi lake, nikashindwa. Matone yake ya macho yako mfuko wa pembeni wa begi, pamoja na cheti cha daktari. Ni tone moja kila jicho, asubuhi na jioni. Sweta zake mbili zimo. Uji anapenda usiwe na sukari nyingi.

Barua hii anakuletea yeye mwenyewe, iko kwenye mfuko wa ndani wa koti lake. Jana alinisikia nikiandika, akauliza kinachoandikwa kirefu hivyo ni nini. Nikamwambia ni habari za treni. Yeye anajua kwamba mama yake Clement amesharudi kwao na sasa chumba kimepatikana. Anajua kwamba macho yake ni uzee. Mwaka jana angeifungua njiani akaisoma, na mimi ningekuwa nimemaliza kazi. Sasa hawezi.

Ninakuomba kitu kimoja, dada, na sina haki ya kukuomba. Ukishamaliza kuisoma mwenyewe, mketishe, na umsomee. Soma polepole, tangu salamu mpaka jina langu, usiruke mahali popote kwa kunihurumia mimi wala yeye. Baada ya hapo akisema abaki kwenu, abaki. Akisema hataki kusikia sauti yangu Jumapili, usimpe simu.

Nisalimie shemeji Clement, na umwombe radhi kwa niaba yangu kwa kulitumia jina lake na la mama yake. Wasalimie watoto. Happy anawasalimu wote. Mungu awalinde, na awaongoze mikono madaktari siku ya Jumatatu.

Na wewe baba, kwa kuwa sasa unasikiliza: shikamoo.

Ni mimi mwanao,
Isakwisa