Uso wa Roboti Uko Kwangu

Jumamosi. Vumbi la Likasi limeingia hadi kwenye meno, na moyo wangu unacheka peke yake. Leo sitajifanya mtu mwema humu daftarini.

Binamu yangu Trésor anakusanya roboti za kuunga vipande. Anayo seti ya zile za chini ya maji, sita, zenye mapezi miguuni na mirija ya kupumulia mgongoni. Kwenye kundi la wakusanyaji mtandaoni watu wanamsifu. Moja tu haina uso. Amekuwa akiuliza, akirudia, kama kuna mwenye uso huo, barakoa ya kijani inayopitisha mwanga, ndogo kama kidole gumba.

Mimi ninayo.

Roboti ile ni yangu. Baba aliniletea kutoka Ndola nilipokuwa na miaka minane. Tuliiunga sakafuni, yeye akifuata picha, mimi nikitafuta vipande. Aliahidi tutaipeleka Tshangalele ikaogelee ziwani. Hatukufika. Tuliizamisha kwenye beseni la kufulia, Mama akagomba kwa sababu ya maji.

Mwaka uliofuata Baba akafariki. Siku ya kuondoa matanga ndugu zake walikuja na lori. Ni desturi, walisema: mali ya marehemu ni ya ukoo wake, mjane ni mgeni. Walibeba kitanda, friji, masufuria, hata mapazia. Shangazi, dada mkubwa wa Baba, aliichukua roboti dirishani ampelekee mwanawe Trésor. Uso nilikuwa nao mkononi. Niliutia mdomoni, nikafunga meno mpaka lori likaondoka.

Usiku ule tulilala kwenye mkeka. Nilianza kuchukia hapo, na nakiri sijawahi kuacha.

Wiki mbili zilizopita niliweka kwenye kundi picha ya barakoa ikiwa kiganjani mwangu, bila neno. Trésor aliandika papo hapo. Akaniita yaya, heshima ya dada mkubwa ambayo hakuwahi kunipa. Kila ujumbe niliusoma nikamwacha hivyo hivyo. Lo, utamu wake! Mwishowe nikamjibu: uso hautoki kwangu, mwili ndio utakuja. Aulete mwenyewe, na aje na mama yake.

Leo mchana wamekuja. Shangazi amezeeka, magoti yanamsumbua, nami nikampa kigoda kifupi kuliko vyote. Ndiyo, kwa makusudi. Mama alikaa pembeni akimenya mihogo. Tangu jana alikuwa akinisihi nisamehe, maana kisasi ni cha Bwana. Hayo ndiyo amekuwa akiniambia miaka yote.

Shangazi alianza kwa upole, akiniita mimi maman kama mtoto anayebembelezwa: « Ni kantu kadogo tu, maman. Patia ndugu yako. »

« Kako kadogo, tantine. Njo yote mulituachiaka, » nikamjibu. Ndicho pekee walichotuachia.

Trésor aliinamisha kichwa. Akatoa roboti mfukoni, akaiweka mezani. Alisema hakujua ilikotoka. Aliambiwa ni zawadi aliyoachiwa na baba yangu. Namwamini, na bado sikumwonea huruma. Seti yake imebaki tano. Niliubandika uso mbele yao, ukaingia sawasawa. Shangazi akalia.

Nilingoja nijisikie vibaya.

Sikujisikia vibaya hata kidogo.

Walipoondoka niliogopa kumtazama Mama. Nilidhani atanituma niwakimbilie nikaombe radhi. Alifuta mikono kwenye kitenge, akaishika roboti, akaigeuza huku na huku, akairudisha mezani. Tangu siku ile ya lori sijawahi kumsikia akitaja hata kijiko walichobeba.

« Na mashini yangu ya kushona, » akasema, « iko nayo mupaka leo? »

Nilimjibu kwamba Shangazi bado anayo, iko sebuleni kwake, ameifunika kitambaa. Mama akarudi kwenye mihogo yake, akamenya mmoja, akamenya wa pili.

Kesho baada ya misa tunaifuata, yeye na mimi.