Shimo Moja Kanama

Jumatatu, 7 Juni 1999
Kibanda nimefungua mapema, pale Petite Barrière, mpakani na Goma. Kitenge kimoja tu kimeuzika. Dereva wa lori kaleta salamu za Mama kutoka Karagwe: kaburi la Baba keshalichimbisha nyuma ya nyumba, anangoja mifupa. Nani kamwambia achimbe? Hata alipofia vitani sijapajua.

Jumatano, 9 Juni
Leo mwanajeshi kaja kumnunulia mkewe kitenge. Nikamuuliza habari za Baba, kama ninavyowauliza wote. Huyu alipigana upande mmoja naye. Baba alianguka Kanama, kilimani juu ya barabara, kwenye migomba. Walirudi nyuma, wakamwacha. Nimemchukia mtu yule. Kisha nikampunguzia bei, sijui kwa nini.

Jumamosi, 12 Juni
Kanama. Nimeonyeshwa bibi mmoja, alikuwa anapura maharage. Nikamweleza sweta ya Baba: ya kijani, mkono mmoja umemaliziwa kwa uzi wa njano kwa kuwa Mama aliishiwa. Bibi akaacha kupura. Kiswahili chake ni cha soko la Goma.

"Nilimuzika mi mwenyewe. Iko pale, pamoja na mutoto yangu."

Mwanawe alikuwa askari wa upande wa pili. Waliangukia shamba lake hilo hilo, siku moja. Majirani wote walikuwa wamekimbia, na nguvu zake zilitosha shimo moja tu.

Huenda waliuana wao kwa wao. Sikuuliza.

Jumapili, 13 Juni
Misa sikwenda. Nimelia mpaka kichwa kinaniuma. Nina hasira na kila mtu, hata Baba. Mifupa yake nitaijuaje? Na kumtoa yeye ni kumfukua mtoto wa yule bibi. Siwezi. Mama naye nitamwambia nini?

Jumamosi, 26 Juni
Mama kafika na shuka nyeupe ya kufungia mifupa. Nilikuwa nimempelekea habari yote, kaja hata hivyo. Tukapanda Kanama. Bibi akaleta jembe mwenyewe, akaliweka miguuni pa Mama.

"Chimba, dada yangu. Mi siwezi kukukatalia bwana yako. Lakini na mutoto yangu utamukuta."

Mama akakaa chini. Halafu akauliza kijana aliitwa nani.

Jembe Mama alilishika baadaye, akapalilia juu ya kaburi. Bibi akang'oa majani upande wake. Mimi nilisimama tu na shuka mkononi.

Jumatatu, 28 Juni
Mama kaondoka asubuhi. Kwenye lile shimo la nyumbani atapanda mgomba. Nimefungua kibanda. Wateja hakuna.