Udongo wa Kilima cha Tatu

Naryn, Ijumaa

Mjomba Sagynbek,

Sauti ya sepetu lako likigonga jiwe bado ninayo masikioni. Nilikuwa na miaka tisa, Baba alikuwa ametoweka juma lile, nawe ulisema unazika mbwa.

Mama hajambo. Farasi wetu jike amezaa.

Kazini tumefungua kilima cha tatu, kaburi la kale. Udongo wake tunaugandisha kwa gundi, tunaukata mwembamba kama unywele, kisha tunautazama kwa hadubini. Baada ya miaka elfu mbili, minyoo huwa imeuchanganya wote. Huu bado una mabonge yenye kingo kali na nyasi ambazo hazijaoza. Kuna mtu aliufukua, na si zamani, ni enzi zetu hizi.

Ulimkataza Mama kumkaangia Baba mkate wa marehemu kila Alhamisi. "We dada, mumeo yuko Urusi anakula nyama, unamfanya maiti?" Lakini kila ukipita kilimani hapo uliinua mikono kuomba dua. Nilipokuuliza ulicheka: "Makafiri waliozikwa humo nao wana roho, we mtoto!"

Juzi niliwapelekea polisi kipande hicho cha udongo, na jina lako. Jana Mama alikaanga mkate.

Mpwa wako,
Aizirek